Maman Agnès na Sanduku la Mulangoni

Ndugu na majirani, ninyi munaokaa karibu na nyumba ya marehemu kule Kadutu munaijua ile sauti, sanduku la bati likikokotwa usiku juu ya simenti, toka chumbani mpaka mulangoni, huyo ni Maman Agnès Nsimire anajitayarisha kukimbia, na ni yeye tunayemuzika leo.

Marehemu alizaliwa Mumosho tarehe 14 Machi 1961, binti wa muzee Donatien, akasoma palepale mpaka mwaka wa sita wa primaire, kisha akaingia biashara ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alikuwa akizifuata Kalehe, na huko akakutana na Papa Cyprien, wakafunga ndoa hapa Bukavu tarehe 6 Agosti 1983, Mungu akawapa Akonkwa, na nyuma ya miaka mingi akawapa Willy.

Wanaomukumbuka toka zamani wanasema alipenda kucheka na kucheza, na tarehe 28 Julai 2007, Akonkwa alipopata diplôme, ni mama mwenyewe alimumwagia poda kichwani, kama tunavyomufanyia aliyefaulu, akaita avenue nzima, wakacheza mpaka wakachoka, wakalala, mushumaa mumoja ukabaki unawaka, moto ukashika mbao za nyumba, Papa Cyprien akamutoa Akonkwa, akarudi kumutafuta Willy, mutoto wa miaka mitano, wote wawili hawakutoka tena, na kulipokucha marehemu alikuwa angali na poda mikononi.

Toka siku hiyo hakukubali furaha ipige kelele nyumbani mwake, akanunua sanduku, akatia nguo, unga na chumvi, Akonkwa alipopata kazi akasema watamufukuza, Akonkwa alipomuoa Ghislaine, tarehe 10 Desemba 2022, hakupiga vigelegele, Ghislaine alipobeba mimba akamukataza kununua hata soksi, na mutoto alipozaliwa akamuita mugeni tu, maana mugeni anaweza kuondoka. Majirani wakamupa jina Maman Itaharibika, wakipita wanamuuliza, maman, leo mabaya yanafika saa ngapi, naye anajibu yamechelewa njiani. Mvua ilipobomoa nyumba za chini ya mulima aliwakumbusha kwamba alisema mapema, lakini Akonkwa hakufukuzwa mpaka leo, na hilo hakulitaja hata mara moja, kwa sababu, alimueleza mukamwana wake Ghislaine, anayewasomea haya, kuchekwa hakumuumi, kinachomuua ni mabaya kumukuta tena amelala.

Tension, presha ya damu, ilimushika mwaka 2024, ikapanda sana mwezi uliopita, akalazwa, akaaga dunia tarehe 3 Februari 2026, ameacha mutoto mumoja, mukamwana na mujukuu wa miezi saba. Familia inashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta makaa na viti, wenzake Akonkwa wa kazini, na wamama wa sambaza walioacha meza zao leo.

Ghislaine anaogopa, hafichi, usiku wa jana ni yeye aliyekokota sanduku mpaka mulangoni, mutoto mugongoni. Lakini usiku wa mwisho hospitalini marehemu aliomba apewe mutoto, akamuita Anaclet, hakumuita mugeni, akasema huyu atakua, ataota ndevu, atamuzika mama yake akiwa mukongwe, kisha akamushika Ghislaine mukono, akamuomba asimuambie mutu, mabaya yasisikie. Ninyi mumesikia kwa sababu mumemusindikiza mpaka kaburini. Pumzika sasa, mama, sanduku liko mahali pake, Anaclet amelala, na Ghislaine anakuahidi, toka hapa hatamuambia mutu mwingine.