Mzee Japheth na Maswali Yake Matatu

Tarehe 30 Juni 2025, Mzee Japheth Mudaki atakabidhi redio na funguo baada ya miaka kumi na saba ya ulinzi hapa Doha, kumi na mmoja kati yake akiwa msimamizi wa zamu katika majengo yetu ya Al Thumama.

Tuseme ukweli: hakuanza akiwa mwangalifu. Mwaka 2016 aliona mtandaoni picha ya Maurice, mwenzetu aliyekuwa likizo Vihiga, ikiwa na mshumaa kando. Papo hapo akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp pamoja na rambirambi ndefu. Tulilia. Wiki mbili baadaye marehemu alirudi kazini, amenenepa, akiuliza kwa nini kitanda chake amepewa mtu mwingine. Mzee aliomba radhi mbele ya zamu nzima. Tangu hapo, kila habari iliyoingia kundini ilikutana na maswali yake: "Hii imetoka wapi? Ni ya lini? Nani mwingine amesema?" Alitusumbua kweli. Mimi niliwahi kujitoa kundini kwa hasira.

Mwaka jana Scovia, mlinzi wa lango la pili, alitumiwa picha ya bweni likiwaka moto, chini yake jina la shule ya bintiye huko Masaka. Alivua koti la sare. Alitaka kwenda uwanja wa ndege bila ruhusa, na angepoteza kazi inayomsomesha mtoto huyo huyo. Mzee alimketisha, akaisaka ile picha mtandaoni, akaikuta: ilichapishwa miaka minne nyuma, katika nchi nyingine kabisa. Sisi tulishangilia. Yeye hakushangilia. Alisema picha kuwa ya uongo hakumaanishi watoto wako salama. Akatafuta ukurasa wa shule yenyewe, akalinganisha namba ya simu na ile iliyo kwenye ripoti ya masomo ya mtoto aliyokuwa nayo Scovia, ndipo akapiga. Dakika kumi baadaye binti mwenyewe, Bella, alikuwa kwenye simu, akimuuliza mama yake analilia nini. Scovia yuko langoni hadi leo.

Mwezi uliopita habari ya kustaafu kwa Mzee ilitumwa kundini. Hakuna aliyeandika hongera. Tuliuliza imetoka wapi, ni ya lini, nani mwingine amesema. Scovia alikwenda mwenyewe ofisini kuhakikisha, akiomba iwe uongo. Alirudi machozi yakimlengalenga.

Asante sana, Mzee. Tutakukosa. Pumzika vyema nyumbani Vihiga, na Mungu akupe afya. Ukifika, tupigie wewe mwenyewe. Hatutamwamini mtu mwingine.

Damaris, mapokezi