Dada Hebu na Tanuri la Bure

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wetu wa kitengo cha urejelezaji wa taka anastaafu. Jina lake halisi lipo kwenye jalada, sisi tunamwita Dada Hebu, kwa kuwa hajapata kupokea jambo lolote bila kusema kwanza, "Hebu tuone."

Hakuzaliwa hivyo. Alipoanza kazi, kitengo kilipewa msaada wa mashine ya kusaga plastiki, ikapokewa kwa vifijo. Visu vikaisha makali, na vingine havikupatikana ila kwa yule yule aliyeitoa, kwa bei ya kuua. Kuku wa mlinzi wakaanza kutagia humo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo, mgeni akija kutufundisha uchumi wa mzunguko, yaani kitu kilichotumika kirudi kazini badala ya kuishia jaani, Dada Hebu humpa kiti, chai, kisha maswali.

Ndipo likaja tanuri. Kampuni moja ilijitolea kutujengea bure tanuri la kuchoma taka za mji mzima na kuzalisha umeme. Wakubwa walishakubali, ilibaki sahihi yake. Wakala wa kampuni hakuwa mwingine ila mdogo wake, kitinda mimba aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki.

"Dada, hata mimi huniamini?"

"Wewe nakuamini. Hilo tanuri ndilo nisilolijua kwao."

Akaomba apelekwe kwenye mji wenye tanuri kama hilo. Wenyeji wakamtembeza ofisi zenye marumaru; yeye akaaga kwenda msalani, akatokea sokoni nyuma ya ukuta. Aliwauliza wakulima wa mboga wanapata wapi mboji. Wakacheka. Mkataba uliutaka mji ulishe tanuri kila siku, hivyo maganda yote ya soko yaliishia motoni, na wachambuzi wa taka wakakosa kazi. Tena, kwa kuwa taka zilikuwa mbichi, zilimwagiwa dizeli ili ziwake.

Aliporudi hakutia sahihi. Minong'ono ikaanza: kahongwa, anamwonea kijicho nduguye. Akasimamishwa kupisha uchunguzi. Mdogo wake naye akapoteza kibarua, na kwenye harusi ya mpwa wao walikaa meza mbalimbali. Dada Hebu alikonda, ila hakulegea.

Wachunguzi walipofika kwenye lile soko na kusikia waliyosikia, akarudishwa kazini. Tanuri halikujengwa. Leo maganda ya soko letu hurudi mashambani yakiwa mboji, na kaya nyingi zinakula kwa kazi hiyo.

Baadaye mdogo wake alikuja kuomba kazi. Dada Hebu alijitoa kwenye usaili, asije akasemwa. Kijana alipopita, akapewa koleo ageuze mboji kama kila mwajiriwa mpya. Kwa majuma kadhaa hawakuvuka salamu. Mchana mmoja akaja akaketi kando ya dada yake kwenye benchi, nasi tuliokuwa karibu tukasikia.

"Dada, hata mimi lile tanuri nililitilia shaka. Nilihitaji kazi tu."

"Nilijua," akajibu. "Ndiyo maana wewe sikukuuliza; ungelazimika kunidanganya."

Kisha akampangusa matope begani.

Dada Hebu, asante kwa maswali yote yaliyotuudhi. Nenda salama, upate afya, usingizi mzito na siku nyingi za furaha. Tumekuombea kwa moyo mweupe, na hakuna kilichofichwa ndani yake.