Aliyeyaogopa Mafaili Matulivu

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria inachemka, ipunguzieni moto kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona, lakini huenda mmelala salama kwa sababu yake. Ofisini walimwita Shangazi. Amefariki juma lililopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sitini na minane.

Kazi yake ilikuwa nini? Niseme polepole, maana hata ndugu zake ilibidi waelezwe mara mbili. Shangazi alikuwa mkuu wa kitengo kinachowasimamia watu waliotoka gerezani kwa masharti. Si wezi wa kuku, hapana. Ni watu waliojeruhi, waliochoma, na ambao wataalamu wamesema wanaweza kurudia. Wanaishi uraiani, mtaani kwako na kwangu, na kila mmoja ana afisa wa kumfuatilia. Maafisa walikuwa kumi na mmoja. Shangazi aliwaongoza kwa miaka ishirini na miwili.

Hakuwa mtu wa kusadiki haraka. Mdogo wake wa kike anatuambia: "Dada ukimwambia homa imepona, atakushika paji la uso kwanza. Hata nilipomletea mchumba, alinivuta pembeni akaniuliza, 'Huyu bwana umeshamwona akiwa na njaa?'"

Kila Jumatatu asubuhi maafisa walikaa mezani na mafaili ya fujo mkononi. Huyu kamtukana afisa, yule kaja amelewa. Shangazi aliyasukuma pembeni. "Hayo yanapiga kelele yenyewe," alisema. "Nipeni yale matulivu."

Alikuwa na sababu. Mwaka wake wa tatu kazini, kabla hajawa mkuu, aliandika kwenye faili la mtu mmoja maneno mawili: "Hana tatizo." Siku nne baadaye mtu yule alichoma nyumba, na mzee mmoja akafia ndani. Uchunguzi ukafanyika. Shangazi hakukutwa na kosa, kwa kuwa taratibu zote zilifuatwa. Mwanawe wa kiume anasema hapo ndipo palipomuuma. "Mama alikuwa akisema, 'Karatasi zangu zilikuwa safi, na mzee wa watu kafa.'"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, twende miaka tisa nyuma. Faili lililotulia kuliko yote lilikuwa la fundi seremala mmoja. Alimpiga mkewe kwa nyundo, mama wa watu akabaki na mkono mmoja unaofanya kazi. Fundi akafungwa. Alipoachiwa alipewa sharti moja kubwa: asikanyage mtaa anaoishi mtalaka wake. Nalirudia. Asikanyage mtaa ule. Kila Jumanne alitakiwa kuripoti ofisini, naye hakukosa hata mara moja. Afisa wake alikuwa bwana mcheshi waliyemwita Kasuku.

Jumatatu moja mezani Shangazi akamgeukia. "Kasuku, huyu fundi analala wapi?"

"Anwani ipo hapa kwenye faili, Shangazi. Chumba cha kupanga, nyuma ya kinu cha kusaga."

"Sikuuliza ameandika nini. Nimeuliza analala wapi."

Kasuku akacheka. "Shangazi nawe! Mtu anafika kabla ya saa, shati limenyooka, anamwamkia kila mtu mpaka mfagizi. Malaika gani tena unamtaka?"

"Vaa viatu vya kutembea," alisema Shangazi, akachukua mkoba wake.

Masharti ya fundi yaliruhusu chumba kukaguliwa wakati wowote. Mama mwenye nyumba akawafungulia. Palikuwa na kitanda, meza, na godoro. Lakini godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani, na juu ya nailoni kumelala vumbi. Wiki saba tangu apange, wasikilizaji wapendwa.

"Mpangaji mzuri jamani," mama mwenye nyumba akasema. "Hata kukohoa humsikii."

"Utamsikiaje, mama," Shangazi akamjibu, "na hayupo?"

Kasuku akajitetea: "Kesho ni Jumanne. Atakuja, tutamuuliza."

"Kesho kwako ni kesho. Kwa yule mtalaka wake ni mbali sana."

Papo hapo akampigia simu mkubwa wake. Mkubwa akaguna. "Utamkamata mtu kwa ajili ya godoro?"

"Mzee, godoro halina kosa. Nataka kujua mtu wangu amelala wapi siku arobaini na tisa. Nikikosea, barua ya kuomba radhi nitaiandika mwenyewe."

Akawaomba polisi waende mtaa anaoishi yule mtalaka. Yule mama akatolewa nyumbani na kupelekwa kwa kaka yake kabla ya adhuhuri. Saa nane mchana fundi akapatikana. Alikuwa ndani ya jengo ambalo halijaisha, ghorofa ya kwanza, kwenye tundu la dirisha linalotazamana na mlango wa mtalaka wake. Ukutani ameegemeza ubao. Kwenye ubao, kwa penseli ya useremala, ameandika saa anazotoka yule mama na saa anazorudi. Siku kwa siku.

"Mama, sijamgusa," fundi alisema.

"Najua," Shangazi akamwambia. "Ndiyo maana nimekuja leo."

Fundi akarudishwa gerezani. Kasuku akaandika barua ya kuacha kazi. Shangazi akaisoma, akaichana mbele ya wote. "Kwenye lile faili, chini ya sahihi yako iko yangu," alimwambia. "Tukiacha sote, nani ataenda kuangalia vitanda?" Leo Kasuku ndiye mkuu wa kitengo kile, na hakuna faili linaloitwa tulivu mpaka afisa ameona kwa macho mtu analala wapi.

Lipo jambo wengi hawakulielewa. Shangazi alikuwa akimtembelea fundi gerezani, hata baada ya kustaafu. Mdogo wake alimgombeza: "Unaenda kumfanyia nini yule?" Akajibu, "Siku moja atatoka. Akitoka, nataka awepo mtu anayemjua." Ametoka mwaka jana. Yuko mji mwingine, chini ya uangalizi, na anajulikana anapolala.

Na yule mama? Alikuja msibani. Alimshika mwanawe Shangazi kwa ule mkono mmoja, akasema: "Mama yako alinipa miaka tisa. Mjukuu wangu wa kwanza nimemwogesha mimi."

Tunawapa pole mwanawe, mdogo wake, na maafisa wote wa kitengo. Nasi wasikilizaji wapendwa tujiulize. Mtaani kwetu amerudi mtu kutoka gerezani. Je, tumemfukuza kwa mawe, asijulikane alikojificha? Au tumemfumbia macho kwa kuwa anatuamkia vizuri?

Shangazi apumzike. Sisi tuliobaki, tusipumzike mapema mno.