Neno Moja Kwenye Faili la Dada Yetu

Ndugu mliokuja kutufariji, mimi ni kaka wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo nitawasomea maisha ya dada yangu kama yalivyokuwa, bila kupaka rangi.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1983, kitindamimba wa mama yetu mshonaji, katika chumba cha nyuma ya karakana, na nyumbani tulimwita Dozi, maana tangu utotoni mtu hakuweza kukohoa asiulizwe amekunywa nini na mara ngapi. Alimaliza sekondari mwaka 2003, akapata ufadhili, na Septemba 2004 akaenda ng'ambo kusomea ufamasia kwa lugha ambayo sisi hata salamu yake hatukuijua, akahitimu tarehe 28 Juni 2010.

Aliporudi hakuruhusiwa kufanya kazi, na ndiyo sheria, aliyesoma nje lazima Baraza la wafamasia lipitie vyeti vyake na tafsiri yenye muhuri, kisha afanye mafunzo ya vitendo mwaka mzima na afaulu mtihani. Siku ya kupeleka cheti kwa mfasiri alikuwa na homa, akanituma mimi, na mfasiri akasema neno la taaluma yake kwenye cheti lina maana mbili, mfamasia au muuza dawa, tuandike ipi, nami kwa ujuaji wangu nikamjibu, "Andika muuza dawa, bwana, Kiswahili cha kueleweka!"

Kwa neno hilo Baraza lilimhesabu mhudumu wa duka, faili likarudishwa, ikabidi chuo kitoe barua upya, na chuo chenyewe kilikuwa kimeshaunganishwa na kingine, ikapita miaka minne yeye akipanga maboksi kwenye duka la dawa, huku mfamasia mwenye leseni akimwita, "Dozi, hebu njoo unisomee mwandiko huu wa kuku."

Nilipomuuliza kulikoni, alisema Baraza linachelewa tu, nikaenda na hasira zangu, nikamwambia karani wa mafaili mbele za watu kwamba amekalia maisha ya mtu, naye akanitazama, akafunga faili, akamwita anayefuata kwenye foleni, kumbe dada alishamwomba asinieleze. Nimeyajua haya Jumanne, nikitafuta tarehe za kuwasomea, shemeji aliponiwekea faili lake mkononi, nikaliona neno langu kwenye barua ya Baraza, naye akanieleza na ya karani.

Alifunga ndoa na shemeji, mwalimu wa hesabu, tarehe 17 Desemba 2011, wakajaliwa binti mwaka 2013 na mtoto wa kiume mwaka 2015. Alisajiliwa tarehe 3 Machi 2016, akaajiriwa famasi ya hospitali, akafanya kazi aliyoisomea kwa miezi kumi na moja.

Februari 2017 alianza kukonda, ikagundulika saratani ya kongosho, na karatasi ya majibu aliisoma mwenyewe kabla daktari hajafungua mdomo. Alifariki tarehe 21 Mei 2017, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolea watoto, wafanyakazi wenzake wa famasi, na wewe karani uliyesimama pale mlangoni, mzee wangu, nilikutukana bure, nilikutukana mbele za watu, na radhi naiomba mbele za watu.

Dada, hasira zangu ulizijua, ukaona heri nikasirikie Baraza kuliko nijichukie mwenyewe, ukanisamehe kimyakimya, nami sikupata hata siku moja ya kukuomba msamaha. Pumzika kwa amani, mama wa watoto wetu, mimi nipo nao.