Polepole Anastaafu, Daftari Zake Hazistaafu

Kabla sijamsifu mtu, nauliza: nani amezitupa daftari za Polepole kwenye pipa la taka? Mliambiwa msafishe kabati lake, mkasafisha na akili zenu humohumo. Aibu.

Haya. Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi wetu wa maabara, Polepole, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kutafuta vitu vinavyopunguza kasi ya kemikali kubadilika zikichanganywa, na kuangalia vitu hivyo vinazibadilishaje seli za neva. Mimi ndiye mwosha vioo vyake, chupa na sahani za maabara, kwa hiyo namjua kuliko nyinyi mliosoma.

Jina hilo la Polepole alipewa na mkuu wa zamani, aliyechoka kumwona ameikodolea macho chupa, saa mkononi, akihesabu. Hata harusini kwake alichelewa kwa sababu seli zilikuwa hazijalishwa. Mkewe analisema mpaka leo.

Mnaukumbuka ule ugunduzi? Madaktari watatu wa vitabu walitangaza wamepata dawa inayopunguza kasi kwa nusu, na kwamba seli za neva zikinyweshwa dawa hiyo husinyaa. Keki ikakatwa, hotuba zikamwagika. Polepole hakula. Alifungua daftari akaona dawa inafanya kazi Jumanne na Alhamisi tu. Na siku hizo ndizo nilizokuwa naosha vioo mbiombio, bila kusuuza vizuri, niwahi kliniki ya mguu. Dawa yenu kubwa ilikuwa sabuni yangu.

Angenitaja, ningefukuzwa siku ileile. Badala yake alikuja kwenye sinki, akakunja mikono ya shati, akasuuza pamoja nami.

"Bibi, mara saba," akaniambia. "Ya sita bado ina uongo."

Kwa wakubwa alisema kukagua vioo ilikuwa kazi yake. Wakamkaripia yeye. Waliokula keki hawakurudisha hata kipande.

Kosa langu ameliandika daftarini, bila jina, pamoja na yenu: aliyeacha friji wazi, aliyepiga chafya juu ya sahani ya seli. Labda ndiyo maana zimekwenda pipani. Zikipotea, mtagundua sabuni tena.

Polepole, mwenzangu, ahsante. Kapumzike, lala upendavyo, na walau mara moja uwahi mahali mkeo akuone.

Nyinyi wengine: daftari ni kumi na nne. Zitoeni pipani, zifuteni, zirudisheni kabatini kabla kisu hakijagusa keki ya kumuaga. Na mkata keki akisuuze kisu kwanza. Mara saba.