Walter Bentancor, Mpiga Picha za Vifua wa Salto

Marehemu Walter Aparicio Bentancor alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Tacuarembó, Uruguay, mtoto wa kwanza wa Bw. Ramón, mkata manyoya ya kondoo, na Bi. Celedonia. Alisoma shule hapo hapo mjini, kisha akasomea eksirei Montevideo na kuhitimu mwaka 1974.

Alifanya kazi hospitalini Salto kwa miaka arobaini na miwili. Enzi hizo filamu ziliogeshwa gizani kwenye dawa, zikaanikwa kwenye waya kama nguo, naye Walter akizisubiri, mkononi kibuyu cha yerba mate, ile chai chungu ya kwao. Siku hizo saratani ya mapafu ilionekana ikiwa imeshakomaa. Daktari alinong'ona na ndugu kwenye korido. Mgonjwa akaambiwa ni baridi ya kifua. Ndivyo Walter alivyomwambia hata mama yake mwenyewe, saratani hiyo ilipompata mwaka 1984. Bi. Celedonia alifariki baada ya wiki kumi na moja, bado akipanga kupaka jiko rangi. Jambo hilo lilimuuma Walter maisha yake yote.

Tarehe 12 Novemba 1977 alimwoa Zulma Olivera, wakajaliwa binti, Mirta. Kila Jumapili alichoma nyama uani, akimfukuza mdogo wake Eladio na sigara zake: "Hebu toka hapo, unanichafulia moshi wangu!" Jumapili zile zilikuwa tamu, jamani.

Mwaka 2019 alianza kukohoa, yeye ambaye hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Safari hii mashine ilimpiga picha vipande vipande, kipande kidogo cha pafu kikachukuliwa na kupimwa vinasaba, akapewa kidonge kimoja kwa siku. "Laiti mama angekipata hiki," alisema, akalia. Kidonge kilimpa miaka minne mizuri. Kiliposhindwa, alimwita Eladio.

"Nenda kapigwe picha ya kifua."

"Kaka, nikitafuta ugonjwa si nitaupata?"

"Ndiyo maana ya kutafuta, mpumbavu wewe!"

Eladio alicheka, akakataa. Walter akaomba aone wasifu huu. Mirta alikuwa ameandika "ugonjwa wa muda mrefu". Akayakata maneno hayo kwa kalamu yake mwenyewe. "Andika saratani ya mapafu. Tumedanganyana vya kutosha."

Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2024, Zulma akiwa amemshika mkono, baada ya kuagana na kila mmoja.

Ameacha mjane, Zulma, binti, Mirta, wajukuu wawili, na mdogo wake Eladio, anayesoma maneno haya, ambaye Jumanne saa tatu asubuhi ana miadi ya kupigwa picha ya kifua.

Pumzika kwa amani, kaka. Nitakwenda.