Sista Yordanka na Mkono wa Mzee Rangel

Tarehe 30 Aprili, Sista Yordanka Kehayova anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuwasafisha damu watu wa Sofia ambao figo zao zimegoma. Mimi muuguzi mwenzake nimeagizwa niandike haya ya kumuaga kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila nimetoka zamu ya tatu na miguu imevimba.

Alipoanza, kitengo chetu kilikuwa na mashine sita, na madaktari walikaa kikao kuamua nani apewe kiti. Waliopewa walikuwa vijana. Leo mashine ni ishirini na nane, hazipoi, na wanaozikalia ni wazee wa sukari na presha, wengi wakiletwa figo zimeshakufa na wenyewe hawana habari. Viti vimeongezeka, wagonjwa wameongezeka zaidi, wanaopungua ni wauguzi: binti akishapata cheti tu, huyo, Ujerumani. Kwa hiyo Sista aliombwa abaki mwaka mmoja, akabaki. Akaombwa tena, akabaki.

Ukali wake mnaujua. Kila Machi mosi hupita kiti hadi kiti na mkasi, maana hakuna Mbulgaria atakayeacha kujifunga uzi wake mwekundu na mweupe wa heri wa kukaribisha majira ya kuchipua, na kila mwaka hakosekani wa kuufunga kwenye mkono ule ule wa sindano za mashine. Mwaka huu alikuwa Mzee Rangel, dereva wa tramu mstaafu. Mjukuu wake alikuwa ameukaza mafundo saba, na mshipa, wa mwisho unaofaa mwilini mwake, ulishaanza kuziba. Mzee akagoma: uzi haukatwi mpaka umwone korongo wa kwanza wa mwaka, ni nuksi. "Korongo utamwona ukiwa hai, baba," Sista alimwambia, akakata. Mshipa ulipona, lakini ukajificha. Tangu siku hiyo ni Sista tu aliyeweza kuupata kwa sindano. Mzee alimnunia wiki mbili nzima.

Mwezi huu ikazungushwa barua ya kumwomba Sista abaki mwaka wa tatu. Tuliweka sahihi sote, nami pia, naona haya kusema. Wagonjwa nao wakapelekewa, na aliyetegemewa kuwa wa kwanza ni Mzee Rangel, kwani mshipa ule ukipasuka hana mwingine. Akairudisha bila sahihi. "Mimi tramu niliiacha nikiwa na miaka sitini na mitatu," alisema. "Huyu juzi kasinzia amesimama, kanishika mkono. Mwacheni mama wa watu akapumzike." Kisha akaniita mimi nishike sindano, na Sista akamwamuru asimame kando, mikono mfukoni.

Nilikosa mara mbili. Ya tatu damu ikaja. Mzee alikuwa ameloa jasho. "Umeniumiza, binti," aliniambia. "Jumatano nikirudi hutaniumiza sana." Sista alikuwa analia, mikono bado iko mfukoni.

Sista, asante kwa miaka yote hiyo, na sahihi yangu unisamehe. Tunakuombea usingizi wa kushiba na asubuhi zisizo na haraka. Jumatano usije kitini kwa Mzee Rangel. Mkono huo sasa ni wangu.